Jinsi tarakilishi kuu za kale zinavyoishi ndani ya Linux

TARAKILISHI kuu ambazo zamani zilijaza ukumbi mzima, zikihudumiwa na zamu za wafanyakazi usiku na mchana, leo hufanya kazi ndani ya kipakatalishi cha kubebwa kwapani. Kinachowezesha jambo hilo ni programu iitwayo emuleta, yaani kiigizi. Hii hujifanya kuwa mashine nyingine kwa ukamilifu kiasi kwamba mfumo endeshi wa zamani, ukiwashwa ndani yake, hauna namna ya kutambua kwamba umehamishwa nyumba.

Emuleta haiiandiki upya programu ya kale. Huisoma amri baada ya amri na kutenda kile ambacho mashine asilia ingetenda. Katika System/370, ukoo wa mashine uliozinduliwa na IBM mwaka wa 1970, amri yenye namba 1A huagiza rejista mbili kati ya 16 zijumlishwe. Prosesa ya Intel haiielewi amri hiyo kwa maana hiyo. Hivyo basi emuleta hutazama rejista zipi zimetajwa, hujumlisha thamani zake, hurekodi iwapo jibu ni sifuri, hasi, chanya au limefurika, kisha husonga kwenye amri ifuatayo. Mzunguko huo unaonekana mrefu, lakini mashine za kisasa zina kasi mno: System/370 Model 158 ilikuwa na uwezo wa takriban amri milioni moja kwa sekunde, kiwango ambacho kiigizi hukipita kwa mbali kwenye tarakilishi ya kawaida ya nyumbani.

Ugumu aghalabu hutokea kando ya prosesa. IBM ilipanga baiti za namba kuanzia ile yenye uzito mkubwa, ilhali Intel huanza na ndogo. Kiigizi hulazimika kuzigeuza kila mara. Herufi nazo ni balaa nyingine. Herufi A, ambayo kwenye Linux huhifadhiwa kama 41, kwa mashine za IBM ni C1, na baina ya I na J mna pengo, kwani moja ni C9 na nyingine D1. Mhandisi aliyezoea kudhani kwamba alfabeti hufuatana moja kwa moja huumbuka hapo. Kisha kuna vifaa: diski zenye ukubwa wa mashine ya kufulia hugeuzwa kuwa faili moja ya Linux, kisomaji cha kadi za kutobolewa huwa faili ya maandishi, na printa vilevile. Skrini ya kijani ya 3270 huigizwa na programu nyingine, x3270.

Kiigizi mashuhuri cha mashine hizo za IBM ni Hercules, kilichoanzishwa na Roger Bowler mwaka wa 1999. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, nacho kimekuwa kikipatikana katika hazina ya programu za Debian. Anayekiwasha kwa mara ya kwanza huendesha MVS 3.8j, mfumo wa mwaka wa 1981 ambao wapenzi wa mashine za kale huutumia bila malipo. Hupakia diski, huagiza mfumo uamke, kisha hukaa kwenye x3270 na kuingia kama alivyofanya karani wa benki miaka 40 iliyopita. Jambo moja humkumba kila mgeni: mfumo huo hauzimwi kwa kukata umeme tu. Kazi zinazoendelea sharti zimalizwe na huduma zisimamishwe kwa utaratibu, la sivyo diski zake huenda zikaharibika sawa na diski za kweli.

Mifumo mipya ya IBM ni suala tofauti kabisa, na hapo ndipo penye mzizi wa fitina. Hercules ina uwezo wa kuigiza hata mashine za kisasa za z/Architecture, lakini leseni ya IBM haimruhusu mtu kuendesha z/OS juu yake. Bowler alianzisha kampuni ya TurboHercules nchini Ufaransa mwaka wa 2009 ili kukiuza kiigizi hicho kama tegemeo la dharura kwa wenye tarakilishi kuu. IBM ilikataa kutoa leseni. Mnamo Machi 2010 kampuni hiyo ilipeleka malalamishi kwa Tume ya Ulaya, uchunguzi ukafunguliwa Julai mwaka huo, lakini Septemba 2011 sehemu hiyo ya kesi ikafungwa baada ya walalamikaji kuondoa malalamishi yao. Ufundi ulikuwepo, kilichokosekana ni idhini.

Yaliyowapata watumiaji wa VAX ni mfano mwingine. Mashine hizo huigizwa na SIMH, kazi iliyoanzishwa mwaka wa 1993 na Bob Supnik, aliyekuwa makamu wa rais wa kampuni ya DEC, na ambayo pia huigiza PDP-8, PDP-11 na nyingine nyingi. Kwa miaka mingi mpenzi wa VMS aliweza kupata leseni ya bure. Mwaka wa 2020, HPE ilitangaza kuusitisha mpango huo, na VSI, kampuni iliyorithi kazi ya VMS, haina haki za toleo la VAX.

SIMH yenyewe iligawanyika mwaka wa 2022. Mmoja wa watunzaji wake alikuwa ameongeza utaratibu wa kuandika maelezo mwishoni mwa faili za diski, nao wengine wakaunda Open SIMH. Huenda ugomvi huo ukaonekana mdogo, lakini kwa mhifadhi kumbukumbu, faili ya diski ni hati ya kale, na haiandikwi juu yake.

Faida ya jitihada hizi huonekana pale mashine zenyewe zinapokwisha. Mashine ya mwisho ya Multics ilizimwa Halifax, Kanada, Oktoba 2000. Msimbo wa mfumo huo ulitolewa hadharani mwaka wa 2007, na mwaka wa 2014 Multics ikaamka tena ndani ya kiigizi kilichojengwa juu ya SIMH. Mwaka wa 2025 kanda ya sumaku yenye toleo la nne la Unix, la mwaka wa 1973, ilipatikana katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Ilipelekwa katika Jumba la Makumbusho la Historia ya Kompyuta, California, ikasomwa Desemba mwaka huo, na mfumo uliomo ukaanza kuendeshwa kwenye PDP-11 ya kuigizwa.