Kutoka Ruwi hadi Al Khoudh: Historia ya Makazi Yetu Maskati



Kila tunapokutana, vijana huuliza kwa nini ukoo wetu, ulioishi Mji Mkongwe mlango kwa mlango, ukaja kukaa Al Khoudh, mbali na bahari na mbali na kazi. Nimeona niliandike jibu kabla sisi tunaolijua hatujapungua zaidi, na kwa kuwa baadhi yenu mmeanza kutafuta nyumba huku.

Yafaa kwanza kulielewa umbo la mji. Maskati imebanwa baina ya milima ya mawe na bahari. Kabla ya mwaka 1970 ulikuwa mji mdogo wenye ukuta, milango yake ikifungwa usiku, na aliyetembea baada ya hapo alilazimika kubeba taa. Sultan Qaboos aliposhika utawala Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga nchi, na wengi wa jamaa zetu, waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, waliitikia wito huo. Walikuja na elimu, wakaajiriwa wizarani, mahospitalini na katika kampuni ya mafuta. Kazi zilikuwapo, lakini nyumba zilikuwa haba. Uwanja mpya wa ndege ulipofunguliwa Seeb mwaka 1973, bonde la Ruwi, ambako ndege zilikuwa zikitua hapo awali, lilijaa majengo upesi. Mji ukawa hauna pa kupanukia ila magharibi kufuata pwani: Qurum, Al Khuwair, Ghubra, hatimaye Seeb.

Mimi nilifika mwaka 1984, nikiwa na umri wa miaka 23, nikapokewa na ami yangu Ruwi. Fleti yake ilikuwa na vyumba vitatu na watu kumi na mmoja. Tulikwenda kazini kwa miguu, lakini kodi ilimeza karibu nusu ya mshahara wake, na watoto hawakuwa na pa kuchezea isipokuwa ngazini.

Njia ya kutokea ilikuwa kiwanja. Serikali iliwagawia raia viwanja vya kujenga, aghalabu vya mita za mraba 600, na Benki ya Nyumba ya Omani, iliyoanzishwa mwaka 1977, iliwakopesha wenye kipato cha kadiri kwa masharti nafuu. Lakini viwanja vyenyewe vilikuwa Mawaleh, Al Hail, Al Khoudh na Mabella, mwendo wa kilomita 35 hadi 50 kutoka Ruwi. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilipofunguliwa Al Khoudh mwaka 1986, tulipata moyo. Asiye na gari aliondoka baada ya sala ya alfajiri, akapanda teksi ya kuchangia, ile nyeupe yenye rangi ya machungwa, akabadilisha Burj al Sahwa.

Wakati huo dalali mmoja alituonyesha nyumba iliyokwisha kujengwa, karibu zaidi na mji, kwa bei iliyo chini ya gharama ya kujenga. Ilisimama kwenye tambarare ya changarawe chini ya mlima. Machoni mwa watu wa Unguja ilikuwa neema, kwani kwetu mvua hunyesha ikazama ardhini, na hatukuzijua wadi. Marehemu mjomba hakutoa fedha siku ile. Alikwenda kukaa na wazee wenyeji, wakulima wa mitende, akawauliza maji hupita wapi. Wakamchukua hadi kwenye migunga iliyo jirani na nyumba ile, wakamwonyesha takataka zilizonasa matawini, usawa wa kifua cha mtu mzima. Walimweleza kwamba wadi huweza kushuka jua likiwaka, kwa mvua iliyonyesha mbali milimani, na kwamba njia yake, hata ikikaa kavu miaka ishirini, hubaki kuwa yake. Mjomba akajenga Al Khoudh, mahali palipoinuka. Alikubali kutumia saa mbili barabarani kila siku, na wengi wetu tukamfuata.

Mwanzoni mwa Juni 2007 kikaja kimbunga Gonu. Watu wapatao hamsini walipoteza maisha nchini. Maji ya Wadi Adai yalifurika hadi Qurum, na barabara ya Amerat ikakatika. Ile nyumba ya dalali iliingia maji hadi juu ya madirisha. Nyumba ya mjomba ilibaki kavu, ikahifadhi jamaa thelathini na mmoja kwa siku sita, tukigawana maji ya kunywa kwa kikombe.

Leo mambo ni mepesi zaidi. Ipo barabara ya mwendo kasi, yapo mabasi ya Mwasalat, na barabara ya mlimani kutoka Bausher imeileta Amerat karibu. Mwaka 2023 ulizinduliwa mradi wa Mji wa Sultan Haitham katika wilaya ya Seeb, uliopangiwa nyumba 20,000. Wenye pasipoti za kigeni wameruhusiwa tangu mwaka 2006 kumiliki katika miradi maalumu ya utalii, kama Al Mouj, ingawa bei zake si za mshahara wa kawaida. Lakini wadi hazikuhama. Kwa hiyo nawaomba msipeleke fedha kwa kuona picha. Tuandikieni, na mmoja wetu aende akasimame pale, awaulize majirani wazee, ndipo mzungumze bei.

Katika mkutano huu warithi watatuarifu kuhusu azma yao ya kuiuza nyumba ya mjomba. Haki ni yao, na sisi wengine hatuna kauli juu ya mali isiyo yetu. Ombi langu ni moja tu: kabla ya kumwita dalali, waulizane kama yumo katika ukoo anayeweza kuinunua, ili mvua kubwa ijayo tuwe tunajua pa kukimbilia.