Kutoka Pugu hadi koswek

Barabara ya Nyerere jijini Dar es Salaam, ambayo wengi bado huiita ya Pugu, hupita uwanja wa ndege, ikafika Gongo la Mboto, kisha Pugu yenyewe. Huko Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko, Julius Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili akitumikie chama cha TANU. Siku hizi Gongo la Mboto ina chuo kikuu, Kampala International University in Tanzania, na swali lililomsumbua mwalimu yule bado halijaisha: msomi apimwe kwa lipi?

Machi 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Nyerere aliulaumu mtihani kwa kupima uwezo wa kukariri na kuuacha utu na moyo wa kutumikia. Baraza la Mitihani likaundwa mwaka 1973. Mwaka uliofuata Azimio la Musoma la TANU likataka kazi ya mwaka mzima ihesabiwe, na kuanzia 1976 nusu ya alama za mwanafunzi wa sekondari zikatoka darasani. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri.

Vyuoni wazo hilo linaishi kwa jina la koswek (coursework), yaani kazi za muhula, ambayo kwa kawaida hubeba alama 40, na UE, mtihani wa mwisho wa chuo, ikabeba 60. Lakini koswek imesinyaa. Mara nyingi ni testi mbili na kazi ya kikundi, ambayo wawili huandika na wengine wakaongeza majina.

Mkoba wa kazi (portfolio) ungeweza kuirudishia uhai, hasa katika kozi za lugha. Ndani yake mwanafunzi huweka rasimu ya kwanza, masahihisho, toleo la mwisho, na maelezo yake kuhusu alichojifunza. Ulikojaribiwa katika nchi mbalimbali, wanafunzi wengi wameusifu kwa kuwaonyesha makosa yao yanavyopungua. Wamelalamika pia: unakula muda, na vigezo vya alama havieleweki.

Malalamiko hayo yana uzito zaidi hapa, ambako darasa la stadi za mawasiliano laweza kujaza ukumbi mzima. Nani atasoma rasimu zote hizo? Mkoba usiosomwa ni mzigo tu kwa mwanafunzi, na gharama ya kuchapisha steshenari.

Kwa hiyo vyuo vianze na madarasa madogo, vigezo vitangazwe wiki ya kwanza, na rasimu zirudi zikiwa na maoni kabla ya UE. Wanafunzi nao waulizwe, kwa sababu ndio wanaobeba mkoba huo.