Kwa nini faili inayoandikwa na wengi hupoteza kazi ya baadhi yao

WAHENGA walinena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ukweli wa msemo huu hudhihirika afisini pale wafanyakazi kadhaa wanapofungua faili moja ya tarakilishi kwa wakati mmoja na kila mmoja akaiandika.

Chukua mfano wa shule ambayo orodha ya alama za mtihani imewekwa mahali pamoja bila ulinzi wowote. Saa nne asubuhi, mwalimu wa Hisabati anaifungua na kuanza kujaza alama. Dakika tano baadaye, mwalimu wa Kiswahili anaifungua pia. Kila mmoja sasa anaandika katika nakala yake. Yule wa Hisabati anahifadhi kazi saa nne na nusu, naye mwenzake saa tano. Nakala ya pili inaifunika ya kwanza, na alama zote za Hisabati zinatoweka.

Ubaya wa hasara hii ni ukimya wake. Hakuna onyo linalotolewa, na huenda kasoro ikagunduliwa siku wazazi wanapopokea ripoti.

Zipo njia tatu kuu za kuizuia.

Ya kwanza ni kufunga. Anayetangulia huruhusiwa kuandika, wengine wakisoma tu. Microsoft Word, kwa mfano, huunda faili ndogo iliyofichwa, ambayo jina lake huanza kwa alama ~$, ili kuonyesha kuwa kuna mtu kazini. Dosari ni kwamba mtambo ukizimika ghafla, faili hiyo ndogo huweza kubaki, na wenzake wakaambiwa kazi inaendelea ilhali kiti ki kitupu.

Njia ya pili ni kulinganisha. Katika kamusi elezo ya Wikipedia, iliyoanzishwa mwaka wa 2001, mwandishi anayehifadhi sehemu ambayo mwingine ameibadilisha punde tu huonyeshwa matini zote mbili ili azipatanishe. Programu ya Dropbox nayo huitenga nakala inayogongana na nyingine na kuipa jina tofauti. Hakuna kinachopotea, ila sharti mtu aketi azioanishe.

Ya tatu ni kutuma kila badiliko peke yake badala ya faili nzima. Mwaka wa 1989, wataalamu Clarence Ellis na Simon Gibbs walieleza namna ya kufanya hivyo. Mtu akiongeza herufi tano mwanzoni mwa mstari, badiliko la mwenzake lililo mbele zaidi katika mstari huo husogezwa nafasi tano, lisije likaangukia neno lisilohusika. Google Docs, iliyozinduliwa mwaka wa 2006, ilikuja kutumia mbinu ya aina hiyo.

Hata hivyo, programu hulinda herufi, si maana. Watu wawili wakirekebisha tarakimu moja kwa makadirio tofauti, tarakilishi haiwezi kujua aliyekosea.

Kwa hivyo, ni busara kugawana sehemu kabla ya kuanza, kumteua mmoja wa kuidhinisha matokeo ya mwisho, na kujua mahali historia ya mabadiliko inapohifadhiwa. Pasipo historia hiyo, nakala ya akiba itolewe kila jioni.