Mtaa wa Nyanchwa

Twapenda kuwakumbusha wasomaji habari za Nyanchwa, kilima kilicho kando ya mji wa Kisii. Waadventista walijenga misheni hapo kabla ya Vita Kuu. Tarehe 12 Septemba 1914 Waingereza na Wadachi walipigana Kisii. Na serikali ilipokuwa haipo, mji ulitekwa nyara, na misheni pia. Amani iliporudi kazi ilianza upya, na shule zikasimama. Basi utulivu wa mtaa huu ulijengwa juu ya ghasia. Leo mji umekua, na nyumba zinazidi kuongezeka. Hatumkatazi ajengaye, maana watu hawana budi kupata makao; ila na aache miti, tena asizibe njia ya jirani. Utulivu uliojengwa mara mbili si wa kuchezewa.