Kutoka Gunia hadi Kamera: Funzo la Nairobi



Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, wakazi wa Nairobi waliamka na kukuta mji wao umezingirwa. Askari na polisi wapatao 25,000 wa serikali ya kikoloni ya Kiingereza, chini ya Jenerali Erskine, walikuwa wameziba kila njia. Operesheni hiyo iliitwa Anvil, yaani Fuawe, na shabaha yake ilikuwa kuwang'oa wafuasi wa Mau Mau katika mji mkuu wa Kenya.

Wakikuyu, Waembu na Wameru walikamatwa mitaani, kazini na majumbani. Wakapangwa mistari, wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu ya macho. Wenyeji walimwita gakunia, yaani kigunia. Mtu huyo hakutaja jina lake wala hakutoa ushahidi. Alitazama uso, na akiinamisha kichwa, yule aliyesimama mbele yake alihesabiwa kuwa ni Mau Mau. Zaidi ya watu 20,000 waliwekwa kizuizini, na wengi wakapelekwa katika kambi za Manyani na Mackinnon Road bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Pengine baadhi yao walitambuliwa kwa haki. Wengine walitambuliwa kwa sababu ya kisasi, deni au hofu ya mwenye gunia. Nani angejua? Huwezi kumhoji shahidi usiyemwona.

Hata kabla ya gunia kulikuwa na kipande. Sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika wa Kenya mwenye umri wa miaka 16 na zaidi kubeba cheti chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za kazi zake. Kilitiwa katika kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni. Harry Thuku alipokipinga, alikamatwa. Tarehe 16 Machi 1922 umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 21. Sheria mpya ya mwaka 1947 ilipowataka watu wa rangi zote waandikishwe, walowezi wa Kizungu walilalamika kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni kudhalilishwa. Ama kweli, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Leo gunia halipo. Ipo kamera, na nyuma ya kamera ipo kompyuta inayolinganisha uso wa mpita njia na picha zilizohifadhiwa. Haja ya chombo hiki si ya kubuni. Septemba 2013 magaidi waliua watu 67 katika jengo la Westgate, Nairobi, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliingia mkataba na kampuni ya Safaricom wa kuwajengea polisi mfumo wa mawasiliano pamoja na kamera 1,800 katika miji ya Nairobi na Mombasa. Nchini Uganda, baada ya mauaji ya afisa mwandamizi wa polisi, Andrew Felix Kaweesi, mwezi Machi 2017, serikali ilinunua kutoka kampuni ya Huawei kamera zenye uwezo wa kutambua nyuso, kwa dola milioni 126. Lakini Novemba 2020, baada ya ghasia zilizofuata kukamatwa kwa mgombea urais Bobi Wine, polisi walieleza kwamba kamera zilitumika pia kuwasaka walioshiriki. Chombo kilichonunuliwa kwa ajili ya wauaji kilikuwa kimefika kwenye uwanja wa siasa.

Mtambo hauna kisasi kama mwenye gunia, lakini nao hukosea. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani ilipima programu nyingi za aina hii, ikaona kwamba makosa ya kumfananisha mtu na mtu mwingine yalizidi kwa nyuso za watu wa Afrika Magharibi, Afrika Mashariki na Asia Mashariki. Huko huko Marekani, mjini Detroit, Januari 2020 polisi walimkamata mtu mweusi asiye na hatia, mbele ya wanawe, na kumweka rumande saa 30 hivi, kwa kuwa mtambo ulimtaja. Mwaka 2024, katika kumaliza kesi yake, polisi wa mji huo walikubali sharti kwamba mtu hatakamatwa kwa jibu la mtambo pekee.

Kenya nayo imekwisha kuanza kuweka mipaka. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ilitoa hukumu katika kesi ya mpango wa Huduma Namba. Majaji hawakuufuta mpango wenyewe. Walikataza kukusanywa kwa vinasaba vya raia na kumbukumbu za mahali anapoishi kwa vipimo vya setilaiti, na wakaagiza kwamba kwanza ziwekwe kanuni kamili, ndipo kazi iendelee. Hapo ndipo lilipo funzo: sheria itangulie, chombo kifuate.

Sheria hiyo yapasa iseme nani atafutwe, kwa kosa gani, kwa idhini ya nani, na picha za wasio na hatia zifutwe lini. Iseme pia kwamba jibu la mtambo ni fununu ya kuanzia upelelezi, wala si ushahidi wa kumtia mtu pingu.

Wako watakaosema kwamba masharti haya yanamfunga askari mikono. La hasha. Mtambo hausimami kizimbani. Anayesimama ni askari aliyekamata. Akiulizwa kwa nini alimkamata raia huyu, hawezi kumjibu hakimu kwamba kompyuta iliinamisha kichwa. Mwaka 1954 askari wa mkoloni hakuulizwa, kwa maana hakuwa mtumishi wa watu aliowapanga mistari. Askari wa nchi huru ni mtumishi wao, na hiyo ndiyo sababu yampasa awe na jibu.