Tuliikimbia Nyama, Maziwa Tukayapokea Mlangoni

Mapema mwaka 2007 mabucha ya Dar es Salaam yalishikwa na ukiwa. Nyama ilining'inia mpaka jioni bila mtu wa kuulizia bei, na wenye uwezo wakahamia kwa samaki na kuku. Homa ya Bonde la Ufa ilikuwa imezuka Ngorongoro mwezi Januari, ikasambaa hadi mikoa kumi. Mpaka inatulia, wagonjwa mia kadhaa walikuwa wameripotiwa, na zaidi ya mia moja wamekufa.

Hofu ile ilikuwa na sababu, ila ililenga pasipo penyewe. Ugonjwa ule ni wa virusi. Mbu huueneza, na humpata zaidi anayeshika damu na nyama mbichi ya mnyama mgonjwa, yaani mchungaji na mchinjaji. Mchuzi uliochemka haukuwa na neno.

Asubuhi hizo hizo, Mbezi, Tegeta, Goba na Chamazi, baiskeli zenye madumu ya maziwa ziliendelea kupita nyumba kwa nyumba, na hakuna aliyezikimbia. Ukiifuatilia historia ya jiji hili na maradhi ya mifugo, ndivyo ilivyo tangu zamani: ugonjwa wenye kishindo tunaukimbia, wa kimyakimya tunaukaribisha chai.

Hata mabingwa walipotea njia. Robert Koch, Mjerumani aliyegundua bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alifika Dar es Salaam mwaka 1897, nchi ikiwa bado na kovu la sotoka iliyofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Katika damu ya ng'ombe wa hapa aliona vidudu vidogo mno, akadhani ni vya homa ya Texas ya kule Marekani. Kumbe ilikuwa ndigana kali, inayoletwa na kupe. Miaka michache baadaye ng'ombe waliopakiwa meli kutoka mwambao huu waliufikisha ugonjwa huo kusini mwa Afrika, na huko ukabandikwa jina la pwani yetu ya mashariki.

Ndigana haimdhuru binadamu, kwa hiyo kosa hilo tumsamehe. La pili lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1901, akihutubia mkutano London, Koch alisema kifua kikuu cha ng'ombe si tishio la maana kwa watu. Waingereza wakaunda tume ya kulichunguza neno hilo. Ilipofunga kazi mwaka 1911 ilikuwa imethibitisha kinyume chake: bakteria wa ng'ombe humwambukiza binadamu, hasa mtoto, na njia kuu ni maziwa.

Maziwa yalikuwa yamekwisha shtakiwa Malta pia. Huko daktari wa jeshi David Bruce aliwatambua mwaka 1887 bakteria waliokuwa wakiwalaza askari kwa homa isiyokwisha. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit akawakuta katika damu ya mbuzi wa maziwa wanaoonekana wazima kabisa. Ugonjwa huo leo tunauita brusela. Tanganyika, taarifa yake ya kwanza ni ya Arusha mwaka 1927, ng'ombe walipokuwa wakitupa mimba.

Serikali, ya kikoloni na ya baadaye, jicho lake kubwa lilikuwa kwenye nyama. Nyama ilikuwa biashara: kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe, kilichoanzishwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kilitoa nyama ya kopo ya kuuzwa ng'ambo. Machinjioni kuna mkaguzi anayepasua mapafu na tezi, akiridhika anapiga muhuri wa wino. Kifua kikuu huacha vinundu anavyoweza kuviona kwa macho. Brusela humpita bila kumwonyesha kitu. Na maziwa ya dumu hayana pa kupigwa muhuri.

Kisha ikaja miaka ya 1980. Mshahara wa mtumishi wa umma haukufika katikati ya mwezi, na ng'ombe wa kisasa akawa mshahara wa pili. Mabanda yakajengwa nyuma ya nyumba za maofisa, pembezoni mwa Kinondoni na Temeke. Sheria ndogo za jiji zikaruhusu ng'ombe wasiozidi wanne, walishwe ndani. Sheria ilihesabu vichwa. Damu ya hao ng'ombe ilikuwa shauri la mwenyewe.

Ng'ombe mwenye brusela hutupa mimba, halafu anakamuliwa kama kawaida. Mnywaji wa maziwa mabichi, au wa mtindi uliogandishwa bila kuchemshwa, hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo. Hapa Dar kila mtu analijua jina la homa ya namna hiyo, nalo ni malaria. Dozi ya kwanza isipofaa, ni taifodi. Dawa ya brusela yenyewe humezwa kwa mchanganyiko, kwa wiki sita hivi.

Miezi michache tu baada ya mabucha yetu kupata tena wateja, watafiti walianza kuwapima wagonjwa wa homa waliolazwa katika hospitali mbili za Moshi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema hivi: kati ya wagonjwa 870, madaktari waliandika malaria kwa 528, waliokuwa nayo kweli ni 14. Miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria watokao kwa wanyama, zaidi kidogo ya robo walikutwa nayo.

Mmojawapo wa magonjwa hayo ulikuja kupata kishindo chake. Julai 2022, Ruangwa mkoani Lindi, watu walipotokwa damu puani na watatu wakafa, nchi nzima ilijifunza jina la homa ya mgunda, inayoenea kwa mkojo wa wanyama. Moshi ilikuwa imeonekana miaka kumi na tano nyuma, bila kichwa cha habari.

Ng'ombe wa Dar wana maabara yao pale Temeke Veterinari, kituo ambacho makonda wanakitaja kutwa. Watu wana hospitali ya Temeke. Wizara ni mbili. Ili kuziunganisha, Ofisi ya Waziri Mkuu ilianzisha Dawati la Afya Moja, lililozinduliwa mwaka 2018. Liliwekwa chini ya idara ya maafa, na sijawahi kusikia maafa yakitangazwa kwa sababu ya watu kuumwa mgongo.