Muhammed Said Abdulla na Hadithi za Upelelezi

Muhammed Said Abdulla alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918. Alipomaliza masomo mwaka 1938 aliajiriwa katika Idara ya Afya, akawa Bwana Afya kwa muda wa miaka kumi. Mwaka 1948 aliingia katika kazi ya magazeti, akahariri Zanzibari. Na tangu 1958 hata alipostaafu mwaka 1968 alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo.

Yamkini kazi hizo mbili ndizo zilizomfunza sanaa yake. Bwana Afya huingia majumbani kutafuta chanzo cha maradhi. Mhariri hupima maneno ya watu, apate kupambanua habari na uvumi. Bwana Msa, mpelelezi wake, hufanya yote mawili. Alitokea kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyopata tuzo ya kwanza katika mashindano ya East African Literature Bureau ya 1957-58, ikapigwa chapa mwaka 1960.

Wako wasemao kuwa Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Ni kweli kwamba kiko anacho, na sahibu yake Najum amesimama mahali pa Watson. Lakini mafumbo yake ni ya Kiunguja. Maiti ikionekana penye mzimu, wengi hawamtafuti muuaji, maana wanadhani wamekwisha mjua. Abdulla aliwataka wasomaji watumie akili pale walipozoea kutumia hofu. Tena, mara nyingi fumbo halifumbuki mpaka ijulikane nani ni mtoto wa nani. Ufunguo wake umo katika ndoa na nasaba zilizofichwa.

Lawama moja inamkabili. Vitabu vyake vilivyofuata, tangu Kisima cha Giningi (1968) hata Kosa la Bwana Msa (1984), vilitoka baada ya Mapinduzi ya 1964, na hali ulimwengu wake ni ule ule wa mabwana, mashamba na watumishi. Lawama hii ina haki. Hata hivyo, mwenye kutaka kujua jinsi siri za nyumbani zilivyolinda heshima za watu wakubwa katika Unguja ya zamani, atazikuta humo zimefichuliwa moja moja.

Abdulla alifariki mwaka 1991. Faraji Katalambulla alikuwa amekwisha mfuata kwa Simu ya Kifo (1965), na wengine wengi baadaye. Njia aliyoifyeka haikuota majani.